Mtegemezi ni Nani?

Mtu si jiwe, la kuokotwa hapa na kutupwa kule likabaki jiwe lile lile. Mtu ni kama mche uhamishwao. Ukichukuliwa pamoja na udongo wake hushika popote penye maji. Ukikung'utwa mizizi utasimama siku mbili tatu kwa nguvu za jana, kisha majani yake yataanza kunyauka. Mke, mume na watoto ndio udongo wa mtu mzima. Serikali impokeayo mtu na kuukataa udongo wake haikumpokea mtu huyo. Imepokea kazi yake, au fedha yake, au vyote viwili. Mambo haya hujulikana na kila mlezi na kila mkulima, walakini yaonekana yamesahauliwa na watungao kanuni za kuingia na kukaa katika nchi za wengine.

Mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johannes Ludwig Krapf, aliyekuwa katika utumishi wa chama cha wamisionari cha London, alifika Unguja pamoja na mkewe, Rosine. Nia yake ilikuwa kukaa pwani, kujifunza lugha za wenyeji, na kueneza dini ambayo haikuwa dini yao wala ya mtawala wao. Seyyid Said bin Sultan alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani ili apokewe na kusaidiwa. Barua hiyo ilikuwa ndiyo idhini yake ya kukaa, na mkewe aliingia pamoja naye. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosine alifariki Mombasa baada ya kujifungua, na mtoto wake mchanga akamfuata. Kaburi la mama huyo liko Mombasa hata leo. Krapf alibaki, akaandika sarufi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1850, na kamusi iliyochapwa mwaka 1882 baada ya yeye mwenyewe kufa. Kila chuo cha Ulaya kinachofundisha Kiswahili kimekula katika sahani ile.

Tangu siku hizo safari ya elimu imegeuka upande. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ndiye abishaye hodi, na mwenyeji ndiye aliye kaskazini. Barua moja imekuwa furushi la karatasi, na swali la mke na mtoto, ambalo liwali wa Mombasa hakuona haja ya kuliuliza, limekuwa ndilo swali la kwanza.

Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa kigeni aendaye Uingereza kusoma shahada ya uzamili kwa masomo ya darasani hana ruhusa ya kufuatana na mke, mume wala mtoto. Ruhusa imebaki kwa wasomao shahada za utafiti, kama vile uzamivu, na kwa wale wanaolipiwa masomo na serikali. Kanuni hiyo ilitangazwa mwezi wa Mei 2023 na Suella Braverman, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa nchi ile. Kabla yake, mwanafunzi wa uzamili wa miezi 9 au zaidi aliweza kuiombea ahali yake idhini ya kukaa naye. Haikupita miezi mitatu, na tarehe 11 Machi 2024 mlango kama huo ukafungwa kwa wafanyakazi wa kigeni waendao kuwatunza wazee na wagonjwa: walikubaliwa wao, wakakataliwa watoto wao. Mwanamke aliruhusiwa kumlisha na kumwogesha mama wa mtu mwingine, kwa sharti kwamba mwanawe mwenyewe alishwe na kuogeshwa na jirani. Tarehe 22 Julai 2025 hata wafanyakazi hao wakaacha kuajiriwa kutoka nje. Kanada nayo, tangu tarehe 21 Januari 2025, imepunguza idhini ya kufanya kazi kwa wake na waume wa wanafunzi, na aghalabu uzamili usiofika miezi 16 haumpatii mwenzi wa mwanafunzi idhini hiyo. Ni dhahiri, basi, kwamba jambo hili si hasira ya waziri mmoja. Ni desturi mpya inayojengwa, na desturi huvunjwa kwa urahisi kabla ukuta haujakauka.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwenye mke na watoto wawili, aliyepata nafasi katika chuo cha London. Ikiwa nafasi yake ni ya uzamili wa mwaka mmoja wa kusoma darasani, naye hana udhamini wa serikali, mjadala umekwisha: ataondoka peke yake, au hataondoka. Ikiwa nafasi yake ni ya uzamivu wa miaka minne, sheria inamruhusu kuwachukua watu wake, lakini kwanza inamketisha mbele ya mizani. Kwa viwango vya mwaka 2024, kila mmoja katika watu hao wanne alitozwa ada ya viza pauni 490, na ushuru wa matibabu pauni 776 kwa kila mwaka wa kukaa. Ushuru huo haulipwi kidogo kidogo. Hulipwa wote kwa mara moja kabla ya viza kutolewa. Kwa miaka minne na kwa watu wanne ni pauni 12,416, bila kuhesabu miezi ya ziada inayoongezwa mwishoni mwa masomo. Ongeza ada za viza, jumla yapata pauni 14,376. Hapo hajanunua hata tikiti moja ya ndege.

Fedha hizo ni za kutoa. Ziko na fedha za kuonyesha. Mwaka huo huo wa 2024, aendaye kukaa London alitakiwa kuthibitisha kuwa ana pauni 845 kwa mwezi kwa kila mtu anayefuatana naye, kwa muda wa miezi 9. Kwa mke na watoto wawili ni pauni 22,815, mbali na zile za kumtunza mwanafunzi mwenyewe, nazo sharti zilale katika benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Fedha isiyoguswa kwa siku 28 ni fedha ya mtu ambaye hana mgonjwa, hana ada ya shule, hana msiba wala harusi katika ukoo wake. Mwalimu wa namna hiyo hajapata kuonekana baina ya Lamu na Lindi. Kisha viko vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na kipimo cha kifua kikuu katika zahanati iliyokubaliwa. Kipimo hakina lawama, kwa kuwa afya ya umma ni haki ya kila nchi. Cheti hakina lawama, kwa kuwa mtoto asiibwe na kuvushwa mipaka. Lawama iko kwa kanuni inayomtaka maskini awe tajiri kwa mwezi mmoja ili apate kuishi na wanawe.

Kiswahili cha ofisi humwita mke, mume au mtoto wa msafiri kwa jina la mtegemezi, kwa kufasiri neno la sheria za Kiingereza. Neno hili lastahili kuchunguzwa, kwa sababu makosa mengi ya watawala huanza katika majina wanayowapa watu. Katika sarufi ya Kiswahili, jina la mtenda linaloundwa kwa kiishio cha -i mara nyingi hugeuza sauti iliyo mwishoni mwa mzizi. Penda hutoa mpenzi. Lea hutoa mlezi. Okoa hutoa mwokozi. Kwa kanuni hiyo tegemea hutoa mtegemezi, yaani yule amwegemeaye mwenzake. Lakini kiko kitenzi cha pili, tegemeza, maana yake kuweka mhimili chini ya kitu kisianguke. Hicho kina z yake tayari, na kama ongoza itoavyo kiongozi, nacho hutoa mtegemezi. Umbo ni moja na nyuso ni mbili: mtegemezi ni yule aegemeaye nguzo, na mtegemezi ni nguzo yenyewe. Ofisi ya uhamiaji imeusoma uso mmoja, ikaufunga mlango kabla ya kuusoma wa pili.

Katika nyumba ya mwalimu yule, nani amemwegemea nani? Karatasi zasema mwanafunzi ndiye nguzo na wengine wote ni mzigo juu yake. Maisha yasema vinginevyo. Mwanafunzi wa elimu ya juu aghalabu hana mshahara. Mwenziwe ndiye alipaye kodi ya nyumba. Mwanafunzi hukesha na vitabu. Mwenziwe ndiye aamkaye na mtoto. Siku ambayo maneno yanamgomea na ugeni unamlemea, hakuna profesa amwinuaye. Huinuliwa na sauti ya mtu aliyemjua kabla ya kuwa msomi. Mtoto naye, asiyejua neno tasnifu, humlazimisha mzazi wake kula kwa wakati na kulala kwa wakati. Ukiwaondoa watu hawa, hukumpunguzia mwanafunzi mzigo. Umeondoa mihimili chini ya dari na kuita jambo hilo kuipunguzia nyumba uzito.

Pwani ya Tanga na mashamba yake ya mkonge yalikwisha kuujua mtindo huu kabla ya Uhuru. Watu waliletwa huko kwa mikataba kutoka majimbo ya mbali, na aghalabu waliletwa wanaume peke yao, kwa kuwa kilichotakiwa kwao kilikuwa mikono ya kukata majani ya mkonge. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Wengine kutoka kusini mwa Tanganyika walivushwa hadi migodi ya Afrika Kusini, wakalazwa katika mabweni ya wanaume, na wake zao wakabaki vijijini wakilima na kuzika peke yao. Mabwana wa mashamba na wa migodi walijua hesabu yao vizuri: mfanyakazi asiye na ahali karibu yake ni rahisi kumlaza, ni rahisi kumlipa, na ni rahisi kumrudisha. Hakuna mwanachuo leo asiyeulaumu mtindo ule katika insha ya historia. Basi na aulizwe mwanachuo: mwanafunzi aliyepewa namba ya viza, akatakiwa kulipa ada na kuacha watoto nyuma, ametofautianaje na manamba, isipokuwa kwamba manamba alilipwa naye hulipa?

Watetezi wa kanuni hizi wana hoja zao, na insafu yataka zisikilizwe zote. Hoja ya kwanza ni ya idadi. Wasema kwamba viza walizopewa jamaa za wanafunzi zilikuwa 16,000 hivi mwaka 2019, zikafika kiasi cha 136,000 mwaka 2022, na ongezeko la namna hiyo haliwezi kuachwa. Idadi hiyo ni ya kweli, wala mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa kuwahesabu wageni wake. Lakini nani aliyewaita? Mwaka 2021 serikali ile ile ilifungua njia ya mhitimu wa kigeni kubaki na kufanya kazi miaka miwili baada ya masomo. Ada ya shahada ya kwanza ya mwanafunzi mwenyeji wa Uingereza ilifungwa isizidi pauni 9,250 kwa mwaka kuanzia mwaka 2017 hadi mwaka 2025, wakati gharama za vyuo zikipanda. Ada ya mgeni haikufungwa. Vyuo vikatoka kwenda kuwatafuta wageni ili kujaza pengo. Kama wageni wamezidi, dawa ilikuwa kupunguza nafasi za masomo na kukubali hasara ya fedha. Waliotunga kanuni walitaka fedha ibaki na hesabu ya watu ipungue, wakaona njia nyepesi ni kumkata mtu vipande, kipande kinacholipa ada kikaingia, na vipande vingine vikarudishwa.

Hoja ya pili ni ya gharama. Husemwa kwamba watoto wa wageni hujaza shule na hospitali zilizojengwa kwa kodi za wenyeji. Ni kweli kwamba watoto hao husoma katika shule za umma. Walakini ushuru wa matibabu umekwisha kulipwa kabla ya mtoto kupanda ndege, augue asiugue. Wenye viza hizi hukatazwa misaada ya fedha ya serikali. Mwenzi wa mwanafunzi aliyeruhusiwa kuingia huruhusiwa kufanya kazi, na afanyapo kazi hulipa kodi kama jirani yake. Mzazi naye hulipa ada ya chuo iliyo kubwa mno kuliko ya mwenyeji. Mgeni aliyelipa mlangoni, akalipa sebuleni, akalipa na jikoni, ni vigumu kumwita doezi.

Hoja ya tatu husemwa kwa upole, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Husemwa: mwaka mmoja si mwingi, mwanafunzi na avumilie, akimaliza atarudi. Kwa mtu mzima asiye na mtoto hoja hii yaweza kuwa ya haki. Kwa mtoto wa miaka miwili, mwaka mmoja ni nusu ya umri wake. Atakuwa amejifunza kusema, na neno mama litakuwa limepata mtu mwingine wa kuitwa. Hapa ndipo ubaya mkubwa wa kanuni hii ulipojificha. Imeandikwa kwa maneno yasiyotaja mwanamume wala mwanamke, kana kwamba ni sawa kwa wote. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na katika nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo, mkono unaobaki na mtoto ni wa mama. Baba aweza kuondoka na kusifiwa kwa ujasiri wake wa kutafuta elimu. Mama wa mtoto anyonyaye akiondoka, huulizwa na ukoo mzima kama ana moyo. Asipoondoka, nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Kanuni hii, basi, haichagui tu nani ataishi na nani. Huchagua nani atakuwa msomi. Miaka ishirini baadaye watu watakapotazama safu ya maprofesa na kushangaa kwa nini wanawake ni wachache, ofisi iliyopiga muhuri haitakuwapo mahali pale kujibu.

Hoja ya nne ni ya mamlaka: kila taifa lina haki ya kufunga na kufungua mlango wake. Hoja hii haina mpinzani. Kinachobishaniwa ni namna ya kuutumia mlango. Mwenye nyumba aweza kusema leo sipokei wageni, na mgeni akaenda zake na heshima yake. Afunguaye kiasi cha kupitisha mkono uliobeba zawadi, kisha akaubana mlango juu ya bega la mgeni, hatumii haki ya mwenye nyumba. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 16, liliitaja familia kuwa ndiyo kiungo cha asili na cha msingi cha jamii, chenye haki ya kulindwa na jamii na dola. Uingereza ililipigia kura azimio hilo. Kitu cha msingi hakiwezi kuwa anasa ya kununuliwa na wenye akiba benki.

Historia nayo yaonyesha kwamba wembe huu si mpya. Mwezi wa Machi 1968, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwa muda wa siku tatu tu, ili kuwazuia watu wa asili ya Kiasia waliokuwa wakiondoka Kenya wakiwa na pasipoti za Uingereza mikononi. Pasipoti peke yake haikutosha tena. Mwenye nayo alipaswa kuwa amefungamana na nchi ile kwa kuzaliwa huko yeye, mzazi wake au mzazi wa mzazi wake, au kwa njia nyingine chache. Kwa maneno mengine, uraia ulipimwa kwa nasaba, na nasaba ikapimwa kwa rangi. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kuwa kuwatenga watu wale kwa namna ile kulikuwa kuwadhalilisha. Mwaka 1985, katika shauri la Abdulaziz, Cabales na Balkandali, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba kanuni za Uingereza ziliwabagua wanawake, kwa kuwa mwanamume mkazi aliweza kumleta mkewe kwa wepesi kuliko mwanamke mkazi alivyoweza kumleta mumewe. Serikali ilitii hukumu kwa werevu wa ajabu: badala ya kuwafungulia waume, ikawafungia wake kwa kufuli lile lile. Usawa ukapatikana kwa kugawa dhiki.

Wala wenyeji wenyewe hawakupona. Mwezi wa Julai 2012 raia au mkazi wa Uingereza aliyetaka kumleta mke au mume kutoka nje alitakiwa awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapandishwa hadi pauni 29,000. Mwezi huo huo wa Aprili, ujira wa chini kabisa kisheria kwa mtu mzima ulikuwa pauni 11.44 kwa saa. Afanyaye kazi saa 37 na nusu kwa wiki, wiki zote 52 bila kukosa, hupata pauni 22,308. Serikali imeweka ujira ambao yenyewe yakiri watosha kwa riziki ya mfanyakazi, kisha ikaweka bei ya ndoa iliyo juu ya ujira huo. Mfagiaji wa hospitali aweza kupenda, walakini apende karibu. Ni kosa kudhani kwamba kisu kilichonolewa kwa ajili ya mgeni hubaki kwa mgeni. Kikizoea kukata, humtafuta na mwenyeji.

Hata hivyo, mwandiko huu ungekuwa wa hila kama ungekomea London. Nyani haoni kundule, na Afrika Mashariki ina lake la kujitazama. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Binti wa nchi akiolewa na mgeni, mumewe hubaki mgeni ndani ya nyumba ya mkewe, akihesabu miezi ya kibali chake. Kenya iliondoa ubaguzi wa namna hiyo kwa Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 15 humpa haki ya kuomba uraia mtu yeyote, mke au mume, aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka 7. Pande zote mbili, mgeni aliyeingia kwa kibali cha mtegemezi hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka apate kibali kingine, hata akiwa daktari katika wilaya isiyo na daktari.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilisema vizuri kuliko sheria nyingi za Ulaya: mfanyakazi wa nchi mwanachama ana haki ya kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake, na hao nao wana haki ya kufanya kazi au kujiajiri. Maneno hayo yametiwa sahihi. Lakini mwalimu avukaye Namanga au Mutukula na mkewe na watoto aweza kusimulia ni mara ngapi ametumwa ofisi hii na ile kutafuta karatasi ya kumpa haki ambayo itifaki imekwisha kumpa. Mtu adaiye haki mbali na kuinyima karibu hudhoofisha dai lake mwenyewe, na mwenye nguvu hupenda sana kumwonyesha doa hilo.

Kwa sababu hiyo madai yafaayo ni ya pande mbili, na ni haya. Mwanafunzi wa uzamili mwenye mtoto mdogo aruhusiwe kuingia naye, na masomo ya darasani yasihesabiwe kuwa chini ya utafiti katika jambo hili, maana mtoto hajui tofauti yake. Ushuru wa matibabu usitozwe wa miaka yote kwa mkupuo, bali wa mwaka baada ya mwaka, kama kodi nyingine zote. Vyuo vya kaskazini, ambavyo hula ada za wageni, vifungue vinywa. Chuo kisichoweza kuitetea ahali ya mwanafunzi wake kisijisifu kwa barua ya kukaribisha. Serikali za Afrika Mashariki nazo zifanye kazi mbili: ziwasemee raia wao mbele ya serikali zile, na zisafishe vitabu vyao wenyewe, Tanzania ikianza na kifungu kile cha mwaka 1995, na nchi zote zikianza na vituo vyao vya mpakani.

Wenye elimu, hasa, hawana udhuru wa kunyamaza. Wengi wao walisafiri kabla ya mwaka 2024 na watoto wao mkononi, wakarudi na shahada na watoto wajuao lugha mbili. Leo huwaandikia wanafunzi wao barua za kuwapendekeza kwa vyuo vile vile, wakijua kwamba mwanafunzi hodari aliye mama hawezi kuitumia barua hiyo. Barua ya namna hiyo ni sifa kwa aliyeandika kuliko msaada kwa aliyeandikiwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, nao walimaanisha mgeni mzima, na wote alioongozana nao. Seyyid Said hakusoma mikataba ya karne ya ishirini, wala hakuafiki dini ya mgeni wake; lakini alijua kwamba mwanachuo aliyefika na mkewe hupokewa na mkewe. Nchi iliyompeleka Krapf haina haki ya kujua kidogo kuliko hapo.